Saratani Inapovuruga Damu ya Mbwa

Saratani humdhuru mbwa kwa njia mbili. Ya kwanza huonekana: uvimbe hukua, hubana kiungo kilicho jirani, hupasuka na kutoa damu. Ya pili hufanyika ndani ya damu. Chembe za saratani humwaga homoni ambazo mwili haukuzihitaji, au hula sukari na protini zilizokusudiwa viungo vingine, na matokeo yake kalsiamu hupanda, sukari hushuka, misuli hunywea na figo huchoka. Mara nyingi mvurugiko huu ndio unaomlaza mbwa kabla uvimbe wenyewe haujafikia ukubwa wa kumuua. Tena ndio sehemu ya ugonjwa ambayo mwenye mbwa anaweza kuitambua mapema bila mashine yoyote, na ambayo daktari wa mifugo anaweza kuituliza hata pale saratani yenyewe haiponyeki.

Katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi: mmoja kwenye lango la korti ya Buruburu, wawili kwenye ploti ya Kayole, mwingine kwenye yadi ya vyuma vikuukuu Kariobangi. Hufungiwa mchana, hufunguliwa usiku, na hulishwa na zaidi ya mtu mmoja. Ndiyo maana mabadiliko huchelewa kugunduliwa. Soja wa usiku humwona akinywa maji mengi, mama wa nyumba humwona akisusa chakula, na hakuna anayeyaweka hayo mawili pamoja. Hatua ya kwanza, nayo haigharimu chochote, ni kuwa na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye habari zote za mbwa, na wengine wampe taarifa yeye.

Kati ya mivurugiko yote, kupanda kwa kalsiamu ndiko kunakostahili kujulikana zaidi, kwa sababu hutokea mara kwa mara na dalili zake hudhaniwa kuwa uzee. Chanzo chake kikuu miongoni mwa saratani ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga zinazokaa katika tezi za limfu. Hufuatwa na saratani ya vifuko viwili vidogo vilivyo pembeni mwa njia ya haja kubwa, na ile ya uboho. Chembe za uvimbe hutoa protini inayoiga homoni ya tezi za parathiroidi. Mifupa ikishapata ujumbe huo huachilia kalsiamu yake, na figo huzuiwa kuitoa kwa mkojo. Damu ya mbwa mzima mwenye afya huwa na kalsiamu ya takriban milimoli 2.2 hadi 3.0 kwa lita, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Kiwango kikipita hapo, figo hupoteza uwezo wa kuhifadhi maji. Mbwa hukojoa sana, kisha hunywa sana ili kufidia. Baadaye hulegea miguu ya nyuma, hukosa hamu ya kula, hutapika na kufunga choo. Akiachwa hivyo, figo huharibika moja kwa moja.

Kiu hupimika. Mbwa wa kawaida hunywa mililita 40 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akipita mililita 100 kwa kilo, kuna tatizo. Mbwa wa kilo 25, basi, hatarajiwi kuzidi lita moja na nusu, na akifika lita mbili na nusu anahitaji daktari. Chupa ya soda ya lita mbili inatosha kwa kipimo. Bakuli hujazwa kwa chupa hiyo, kinachobaki baada ya saa 24 hurudishwa ndani yake, na tofauti huandikwa. Hesabu ifanywe siku mbili au tatu mfululizo, mbwa akiwa amefungiwa mahali pasipo na mtaro wala ndoo za kufulia, kwa kuwa mbwa mwenye kiu atakunywa popote.

Hapa lipo jambo la kusisitizwa kwa wakazi wa mitaa inayopata maji kwa mgawo. Maji ya mitungi hununuliwa, na mbwa anayemaliza bakuli mara tano kwa siku huonekana msumbufu, hasa akiwa pia anakojoa barazani. Kumpunguzia maji ili aache kukojoa ni kumharakishia kifo. Hanywi kwa tamaa. Anarudisha kile ambacho figo zimeshindwa kukizuia. Maji yawepo mbele yake wakati wote mpaka damu ipimwe.

Kosa la pili hufanywa kwa nia njema. Mbwa anapolegea miguu ya nyuma, wengi huamini amepungukiwa na kalsiamu, wakaenda kwenye duka la agroveti kununua dawa ya maji ya kalsiamu, unga wa mifupa au vitamini D. Kwa mbwa mzima anayekula kwa kawaida upungufu huo si jambo la kutarajiwa, na kwa mbwa ambaye damu yake tayari imejaa kalsiamu, nyongeza hiyo ni sumu. Maziwa na maganda ya mayai yaliyosagwa yasimamishwe pia hadi majibu ya maabara yatoke. Daktari naye hana budi kuzitenga sababu zisizo saratani: sumu ya panya iliyotengenezwa kwa vitamini D, ugonjwa wa figo, na upungufu wa homoni za tezi zilizo juu ya figo. Ili asaidike, mwenye mbwa aeleze kwa ukweli sumu zote zilizowekwa kwenye ploti, hata zile zilizowekwa na jirani.

Matibabu ya kalsiamu iliyopanda huanza kwa dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo husafisha damu kupitia figo. Mwili ukishajaa maji, na si kabla, furosemaidi huweza kuongezwa ili kalsiamu itoke kwa mkojo. Zipo pia dawa zinazozuia mifupa kuachilia kalsiamu, kama pamidronati, lakini kinachodumisha nafuu ni kuishughulikia saratani yenyewe.

Kuna dawa moja inayoshusha kalsiamu haraka ambayo haipaswi kutolewa mapema: steroidi, kwa mfano prednisoloni au deksamethasoni. Onyo hili lina uzito mkubwa kuliko mengine yote katika makala haya. Steroidi huua chembe za limfoma kwa muda. Tezi hupungua, mbwa huinuka na kula, na nyumba nzima hufurahi. Baada ya wiki chache ugonjwa hurudi, safari hii ukiwa umezoea dawa, na sampuli inayochukuliwa wakati huo huenda isionyeshe saratani kwa uwazi. Desturi ya kumwita mtu wa mtaani amdunge mbwa mgonjwa sindano ya deksamethasoni pamoja na antibiotiki bila uchunguzi imewanyima mbwa wengi nafasi ya kutibiwa ipasavyo. Sampuli ya tezi, ambayo huchukuliwa kwa sindano nyembamba kwa dakika chache, itangulie steroidi yoyote. Anayetibu awe daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011, na si kosa kumwomba aonyeshe usajili wake.

Tezi zenyewe zinaweza kukaguliwa nyumbani mara moja kwa mwezi. Vidole hupitishwa chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti ya miguu ya nyuma. Katika mbwa mwenye afya tezi hizo ni ndogo na laini, na ni vigumu kuzishika. Zikiwa kubwa, ngumu, zisizouma na ziko pande zote mbili, limfoma ni lazima ifikiriwe. Lakini Eastlands haina saratani peke yake; ina kupe pia. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa katika nyufa za kuta na vibanda, na huambukiza Erlikia, kijidudu kinachovimbisha tezi, kupunguza damu na kukondesha. Kipimo cha protini za damu chaweza kutoa jibu linalofanana na la saratani ya uboho. Mbwa asihukumiwe kuwa na saratani kabla hajapimwa magonjwa ya kupe, kwa sababu Erlikia hutibika kwa doksisaiklini. Pia asihesabiwe amepona saratani kwa kuwa tu kupe wamepatikana, maana anaweza kuwa na yote mawili.

Sukari kushuka ni dharura ya namna nyingine. Haitokei mara nyingi kama kiu, ila ikitokea huja kwa ghafla. Insulinoma, uvimbe mdogo wa kongosho, hutoa insulini bila kujali kiasi cha sukari kilichopo. Baadhi ya saratani za ini na za misuli laini ya tumbo nazo hushusha sukari. Kiwango kikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, ubongo huanza kukosa chakula. Mbwa hutetemeka, huyumba, hutazama ukutani kama asiyejua alipo, huanguka, au hupatwa na degedege. Tukio hufuata mbio, msisimko wa kubwekea watu langoni, au njaa ya muda mrefu, kisha huisha lenyewe na mbwa huonekana mzima hadi mara nyingine. Mbwa wa ulinzi wamo hatarini zaidi kwa sababu wengi hulishwa mara moja tu kwa siku, na wengine huachwa na njaa kwa makusudi wakidhaniwa watakuwa wakali.

Kabla ya kumgusa mbwa wa namna hii, swali la kichaa cha mbwa litangulie. Kenya bado ina ugonjwa huo, na mbwa asiyechanjwa anayeyumba, anayetokwa na mate na aliyebadilika tabia hapaswi kushikwa mdomo na mtu yeyote. Afungiwe na daktari aitwe. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Umri nao husaidia kutofautisha: degedege kwa mbwa mdogo asiyechanjwa mara nyingi ni distempa, si saratani.

Mbwa mzee aliyechanjwa, ambaye tayari anajulikana kuwa na tatizo la sukari, hupakwa asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi wa nje kwa kijiko kirefu, bila kuingiza vidole kati ya meno na bila kummiminia kitu kooni akiwa hajitambui. Akizinduka apewe mlo mdogo wenye protini papo hapo, kwani sukari tupu huuchochea uvimbe kutoa insulini zaidi na mbwa huanguka tena. Kitu chochote chenye utamu wa zailitoli, ambao kwenye vibandiko huandikwa xylitol, kisitumike kamwe. Kwa mbwa hushusha sukari badala ya kuipandisha. Mashine ndogo ya kupimia kisukari cha binadamu inaweza kutumiwa kwa dharura, ila mara nyingi husoma damu ya mbwa chini ya kiwango chake halisi, kwa hiyo jibu lake lithibitishwe maabara. Baada ya hapo mbwa huyu alishwe mara nne hadi sita kwa siku, asikimbizwe, na aondolewe kazi ya lango. Daktari ataamua kati ya upasuaji na prednisoloni, na sampuli zote ziwe zimechukuliwa kwanza.

Kukonda kuna maelezo yake. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha kuwa chembe za saratani huchachusha sukari kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwepo. Ini la mbwa hulazimika kuigeuza asidi hiyo kuwa sukari tena, kwa gharama ya nguvu za mwili, na uvimbe ukaila upya. Wakati huohuo kemikali za uchochezi zinazotokana na ugonjwa huyeyusha misuli na kuua hamu ya kula. Ndiyo sababu mbwa anaweza kukonda huku bado anakula. Uzito upimwe kila wiki mbili: mtu hupanda kwenye mizani akiwa amembeba mbwa, kisha peke yake, na kutoa hesabu. Mbwa wa kilo 30 aliyepoteza kilo tatu bila kukusudiwa amepoteza asilimia 10, na hilo ni la kupelekwa kliniki. Mizani haisemi yote, hata hivyo. Kiganja kipitishwe juu ya kichwa, kwenye mabega na uti wa mgongo. Mifupa ikichomoza ilhali tumbo limejaa, misuli ndiyo inayoondoka.

Ugali na mchuzi havimtoshi mbwa mwenye saratani. Anahitaji protini nzuri kila mlo: mayai yaliyopikwa, omena waliooshwa mchanga na kuchemshwa, nyama, mapafu au matumbo ya ng'ombe yaliyoiva. Mafuta kidogo huongeza nguvu, lakini yakizidi ghafla huwasha kongosho. Chakula kitolewe kikiwa cha uvuguvugu, kwa kuwa harufu huamsha hamu. Mabaki yenye vitunguu yaepukwe. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu kwa mbwa ambaye huenda tayari amepungukiwa. Mahindi na unga uliovunda, ambao huuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha mbwa, usinunuliwe hata kidogo. Aflatoksini ya ukungu huo ndiyo iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004, na ini la mbwa huumia nayo vilevile. Ini lililoumia haliwezi kuhifadhi sukari wala kusafisha dawa za saratani.

Kenya ina njia yake ya mbwa kupata saratani ambayo vitabu vingi vya ughaibuni huipitia kwa haraka. Mnyoo uitwao Spirocerca lupi hutaga mayai yanayotoka na kinyesi cha mbwa. Madundu wanaokula kinyesi huyameza, na mbwa humeza dundu huyo, au hula kuku wa kienyeji, mjusi au panya aliyemla. Lava hutoboa ukuta wa tumbo, hupanda kupitia kuta za mishipa hadi kwenye mshipa mkuu wa damu, hukaa humo kwa takriban miezi mitatu, kisha huhamia kwenye umio na kujenga vinundu. Uchunguzi wa M. Murray uliochapishwa mwaka 1968, na ule wa Brodey na wenzake wa mwaka 1977, ulionyesha kuwa mnyoo huu umeenea kwa mbwa wa Kenya. Baadhi ya vinundu hivyo hugeuka saratani ya umio. Mbwa hucheua chakula mara tu baada ya kula, hutokwa na mate, hukonda. Na wakati mwingine miguu yote minne huvimba, ikawa migumu na yenye maumivu, kwa sababu uvimbe wa kifuani huchochea mifupa ya miguu kuota mfupa mpya juu yake. Watu hudhani ni baridi yabisi. Picha ya eksirei ya kifua ndiyo inayoeleza.

Kinga yake iko mikononi mwa mwenye mbwa. Matumbo na firigisi za kuku wa kienyeji zinazopatikana bure kwa wachinjaji wa soko la Burma zichemshwe mpaka ziive kabla ya kulishwa. Kinyesi kiokotwe kila siku, kabla madundu hawajakifikia. Vinundu vikigunduliwa kabla ya kugeuka, doramektini inayotolewa na daktari huua minyoo. Vikishageuka saratani dawa hiyo haitoshi.

Uvimbe unaoonekana sana kwa mbwa wanaorandaranda, ule unaoambukizwa kwa kupandana na kutoa matone ya damu sehemu za siri, kwa kawaida hauvurugi kemia ya damu. Hatari yake ni upungufu wa damu kwa kuvuja muda mrefu, na wengi hupona kwa vinkristini ya kila wiki kwa wiki nne hadi sita au zaidi kidogo. Saratani ya ngozi inayotoa histamini, kinyume chake, huchimba vidonda tumboni, na choo cheusi ti ni ishara yake. Mbwa mkubwa anayeanguka ghafla akiwa na ufizi mweupe huenda amepasuka uvimbe wa bandama, na huyo hupelekwa kliniki wakati huohuo.

Maumivu yasitibiwe kwa dawa za kabati la nyumbani. Ibuprofeni na diklofenaki huchimba tumbo na kufunga figo ambazo huenda kalsiamu imeshazijeruhi. Paracetamoli kwa kipimo cha mtu huharibu ini. Dawa salama za maumivu ya mbwa zipo, na daktari huziandika baada ya kuona kipimo cha figo.

Siku za kwanza za tiba ya limfoma zina hatari yake. Chembe nyingi za saratani zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu na fosfati kwenye damu, kalsiamu hushuka, na moyo huweza kuyumba. Katika saa 48 za mwanzo mbwa asiachwe peke yake, na akitapika mfululizo au akishindwa kusimama, arudishwe alikotibiwa bila kungoja asubuhi. Mabaki ya dawa hutoka na mkojo na kinyesi kwa siku kadhaa. Kwenye ploti yenye ua wa pamoja, mbwa atengewe kona yake. Anayesafisha avae glavu, na watoto pamoja na wajawazito wakae mbali na kona hiyo.

Kufika kliniki ni shughuli kwa anayeishi Umoja au Dandora, kwani matatu hazipokei mbwa kwa urahisi, na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, upande wa pili wa jiji. Inafaa kumpigia daktari simu kwanza na kupanga vipimo vyote vya siku moja: hesabu ya chembe za damu, kalsiamu, figo, ini, sukari na kipimo cha magonjwa ya kupe. Daftari lenye kiasi cha maji, uzito na tarehe za matukio liende pamoja na mbwa. Kama fedha hazitoshi vyote, kalsiamu, figo na sukari vitangulie, maana ndivyo vinavyoua kwa haraka na vinavyotulizwa kwa haraka.

Inapofika hatua mbwa hali, hawezi kusimama kwenda kujisaidia, na dripu haimpi nafuu ya zaidi ya siku moja, kumlaza kwa sindano ya daktari ni matibabu halali na ya huruma. Kumtia sumu au kumtelekeza kando ya reli ni ukatili unaoadhibiwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Nyumba nyingi za Eastlands hazina ardhi ya kuzikia, kwa hiyo suala la mzoga lizungumzwe na daktari kabla ya siku yenyewe. Pale ambapo mbwa wengine wanabaki kwenye ua uleule, mzoga upelekwe Kabete kufanyiwa uchunguzi: vinundu vya Spirocerca vikionekana kwenye umio, waliobaki watapimwa na kupewa dawa kabla nao hawajafikia saratani.